Baba, Mshipa Tumeupata

Baba yangu, mchimba visima wa Silibwet,

Tumeupata. Nianze na hilo, kwa sababu najua hukuwahi kumvumilia mtu anayezunguka mbuyu. Mshipa wa dhahabu uliotupotea tangu kabla ya mvua tumeupata, upande wa kulia, palepale niliposema, na bintiyo leo anatembea mgodini kifua mbele kama yule jogoo wa mama aliyekuwa akifukuza hata mbwa. Nakuandikia waziwazi, mwenye kusoma na asome, maana ushindi huu una mkono wako na sitaki asifiwe mtu mwingine.

Uliondoka kabla hujaiona kazi yangu, kwa hivyo ngoja nikueleze. Mgodi uko huku Transmara, ukishayaacha mashamba yetu ya chai nyuma. Barabara yake inateremka chini ya ardhi ikizungukazunguka, pana kiasi cha lori kupita. Jiwe la huku ni jeusi lenye ukijani, gumu ajabu, na ndani yake umepita ukanda wa jiwe jeupe, mahali pengine mpana kama mlango, mahali pengine mwembamba kama kidole. Huo ndio mshipa. Dhahabu imo humo, na fedha imechanganyika na dhahabu yenyewe, huwezi kuiona kwa macho. Tunatoboa, tunalipua, tunasubiri feni zitoe moshi, kisha malori yanapandisha mawe juu kwenye kinu. Na pampu hazinyamazi. Hapo ungecheka sana. Wewe ulichimba maisha yako yote ukitafuta maji. Sisi tunachimba huku tukiyafukuza.

Mimi kazi yangu ni kusoma mawe. Mashine ya kutoboa inaleta juu jiwe refu la mviringo, nene kama gunzi la mahindi, limekatikakatika vipande. Vipande hivyo vinapangwa kwenye maboksi kwa utaratibu uleule vilivyotoka ardhini, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Siku ya kwanza kuyaona maboksi hayo ghalani nilisimama mlangoni machozi yakinilengalenga. Wenzangu walidhani naumwa. Ningewaambia nini? Kwamba nimeyaona marundo yako?

Nayakumbuka kama ya jana. Kila ukishuka kina cha mkono mmoja, udongo wake uliwekwa rundo lake, kando ya ua, kwa mstari. Wenye visima walinung'unika kwamba unawajazia boma. Mama alikuuliza kama unachimba kisima au unapanda viazi. Wewe ulikuwa ukipita ukiyatazama, udongo mwekundu, changarawe, majivu magumu ya kijivu ya volkano, unachukua kidogo, unasugua kwa vidole, unanusa. "Cherotich, usikuje kuchanganya hii mchanga yangu," ulizoea kuniambia. "Hii ndiyo inaniambia maji iko wapi."

Na mimi nikaja nikaichanganya. Ulikuwa umeugua wiki mbili, na vibarua wako ndio walioendelea na kisima cha jirani yetu, Mzee Langat, wakipanga marundo ulivyowafundisha. Kisha wakaenda mazishini Chebunyo. Jumapili hiyo nilikuwa nachunga ng'ombe, nikazubaa, ng'ombe wakapita juu ya marundo yote. Nikachukua jembe nikayarudisha haraka haraka, mstari umenyooka vizuri kabisa, lakini rundo gani lilianza na gani lilifuata, Mungu ndiye aliyejua. Nilinyamaza. Ulipotoka kanisani ukapita hapo, ukayasoma, nikaona uso wako unabadilika. Ukamwambia Mzee Langat, "Mzee, hapa tumekosa. Udongo ya maji tulishapita. Mbele ni mawe tu."

Sikulala vizuri. Asubuhi Mzee Langat alikuja na koleo kukifukia kisima, na koleo la kwanza lilipomwagika ndani nikapiga yowe. Nikasema yote nikilia kamasi, nikingoja fimbo. Hukunipiga. Ulijifunga kamba, ukashuka na ule udhaifu wako wa homa. Tukakusikia kule chini ukipapasa ukuta, halafu ukicheka. Ulipopanda ulinishika shavu kwa kiganja kilicholowa. "Rundo mtu anaweza kuchanganya," ukasema. "Ukuta hakuna mtu ataweza." Siku ya pili yake maji yalitoka, na Mzee Langat akatuchinjia kuku.

Sasa sikia ya huku. Kwenye ngazi ya chini kabisa ya mgodi tulifika mahali ardhi imepasuka zamani za zamani na jiwe la upande mmoja likasogea. Mshipa ukakatika hapo kama kamba iliyokatwa kwa panga. Mbele yetu jiwe jeusi tupu. Tukatoboa kushoto kuutafuta, hakuna. Tukatoboa kulia, na boksi likaonyesha vipande vyeupe kabla ya ufa, na baada ya ufa hakuna kitu. Meneja akatuita wote. Akasema mwezi ukiisha bila mshipa, pampu za chini zitazimwa, maji yaachwe yapande, na nusu yetu turudi nyumbani. Baba, niliwaona watu wazima wakitazama viatu vyao.

Nilirudi ghalani nikakaa na boksi lile. Unajua jiwe linapokatika, ncha mbili hukubaliana, kama vipande vya chungu kilichovunjika. Nikachukua kipande cha mwisho cha boksi lililotangulia nikakijaribisha na cha kwanza cha hili. Havikukubaliana. Nikajaribu tena. Nikachukua kile kilichokuwa mwisho kabisa wa boksi, nikakileta mbele, vikakaa pamoja sawasawa. Boksi zima lilikuwa limepangwa kinyume: vile vipande vyeupe vilitoka ng'ambo ya ufa, si kabla yake.

Aliyesimamia mashine ile ni Mzee Koech, mtu wa Fort Ternan, mpole, aliyeanza kutoboa mawe mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nilimkuta akinywa chai. Nilikuwa na hasira, sikatai, lakini nilipoiona mikono yake inavyoshika kikombe nikakukumbuka wewe na kamba yako. Basi sikumuuliza kitu. Nilikaa karibu naye nikamsimulia habari ya ng'ombe, na jembe, na kisima cha Mzee Langat. Nilipofika kwenye koleo aliweka kikombe chini.

"Madam," akasema, "hiyo boksi ni mimi niliangusha. Mvua ilikuwa mingi, pikapu ikateleza, mawe yote ikamwagika kwa matope. Nikaokota moja moja, nikaosha, nikapanga. Lakini sikujua nimeanzia upande gani. Nikaogopa kusema."

"Twende kwa ukuta, Mzee," nikamwambia.

Tukashuka pamoja, taa kichwani, mpaka kwenye ule ufa. Uso wa jiwe pale una mikwaruzo, alama za ardhi iliposuguana ikisogea. Nikavua glavu. Ukiipapasa kuelekea upande mmoja mkono unateleza. Ukirudi upande wa pili inakukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Hivyo ndivyo ukuta unavyokuambia jiwe limekwenda wapi. Nilipapasa, nikamwambia Mzee Koech naye apapase. Kulia, Baba. Mshipa wote ulikuwa umesogea kulia.

Tulikwenda kwa meneja sisi wawili. Mzee Koech alisema kosa lake mwenyewe, kofia mkononi, hakujificha nyuma yangu wala mimi sikumficha. Meneja alininywesha maswali kama dawa chungu. Nikamwonyesha ncha za mawe zinavyokubaliana. Nikamwambia akitaka ashuke akapapase mwenyewe, na akashuka! Siku iliyofuata mashine ilielekezwa kulia, na aliyeishika alikuwa Mzee Koech.

Tulilipua siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Feni zilipotoa moshi nilikuwa wa kwanza kuingia baada ya wakaguzi wa usalama, na taa yangu ikagonga weupe, Baba, weupe mpana kuliko ule tuliouacha, na ndani yake vichembe vya njano vikinikonyeza. Nilipiga kigelegele. Huko chini kabisa, mimi mtaalamu wa mawe mwenye shahada na suti ya kazi, nikapiga kigelegele kama nimefika harusini Bomet. Wanaume wakapiga makofi kwenye kofia zao, na Mzee Koech akalia bila kujificha.

Wiki iliyopita niliiona dhahabu ya kwanza ya mshipa huo ikimiminwa. Rangi yake imepauka kidogo kuliko pete ya mama, kwa sababu ya ile fedha iliyomo. Nikatamani uisugue kwa vidole vyako, uinuse, unipe maoni yako.

Nilikukosa sana siku hiyo. Nakukosa hata sasa ninapoandika, na furaha yangu yote hii ina pengo lenye umbo lako. Ila silii kwa majonzi. Kisima cha Mzee Langat bado kinatoa maji. Nilikunywa hapo Jumapili nilipokuja kukutembelea kaburini, wajukuu zake wakaniteka ndoo nzima.

Mpimaji wa mgodi alipokuwa akichora njia mpya kwenye ramani aliniuliza tuiite nani. Sikufikiria mara mbili. Nikampa jina lako aliandike. Basi kila asubuhi watu wanaoshuka kazini, ambao kama si ule mkono wako uliolowa wangekuwa wamekaa nyumbani, wakiulizwa mlangoni wanakwenda wapi, wanalitaja.

Pumzika, mchimbaji wangu. Ng'ombe nimewafunga, na marundo yako yote yako kwenye mstari.

Ni mimi binti yako,
Cherotich