Cheti cha Mfaume bin Juma

Jumanne, 1 Septemba 1953

Kuni za leo mbichi, zimenitoa machozi. Lakini saa kumi na mbili stimu ilikuwa tayari na mashine ya korona inasaga mkonge. Katika shamba hili hakuna mwingine awezaye kuwasha boila kwa kuni mbichi. Geji ya kupimia stimu siiangalii. Nasikiliza tu.

Adhuhuri karani katusomea tangazo. Kila mshika boila awe na leseni mpya. Vyeti vya zamani havitoshi. Wiki tano shuleni, kisha mtihani mbele ya mkaguzi Mzungu, na mtu aandike jina lake kwa mkono wake. Oktoba ikiisha, asiye na leseni asiguse boila.

Nimecheka mbele za watu. Nyumbani sikucheka.

Mtihani siuogopi. Naogopa jina.

Alhamisi, 3 Septemba

Naandika ili mkono uzoee. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni. Hizi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwa kutazama magunia, sikufundishwa na mtu. Mke wangu hasomi. Daftari hili halina hatari.

Shule ziko mbili. Ya mapadri, bara huko milimani. Ya serikali, Mitwero, kwa miguu unafika. Nimechagua ya mapadri. Karani kaniangalia sana. "Mzee Mfaume, kila Ijumaa wewe safu ya mbele. Leo unakwenda kwa mapadri na Mitwero ile pale?" Nikamwambia sisomi na watoto wa mjini mimi.

Uongo. Mitwero sijaikanyaga miaka ishirini na moja. Nikienda kokote nazunguka.

Naandika mara moja tu. Mitwero yuko Mfaume bin Juma mwenyewe. Kazikwa.

Mimi ni Saidi bin Athumani wa Kiranjeranje.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimerudi kutoka kwa mapadri. Siku nzima juu ya lori kwenda, siku nzima kurudi, kiuno si changu. Wanafundisha useremala na uashi. Boila hawana. Padri mzee kanipa uji, kaniambia kwa upole nimepotea njia. Sijawahi kupotea njia maishani.

Basi ni Mitwero. Sina pengine.

Jumatano, 9 Septemba

Siku ya kwanza. Tuko kumi na wawili, mimi peke yangu mwenye mvi. Vijana wamenipa shikamoo vizuri, halafu mmoja akauliza, "Babu, boila limekuzaa wewe, au wewe ndiye uliyelizaa?" Wakacheka. Nimewaambia wote wangekuwa majivu kabla sijaungua unywele mmoja.

Mwalimu Erasto, Mmwera, kijana mwenye adabu. Kaanza kuita majina. "Mfaume bin Juma." Sijafungua mdomo, nikasikia "Labeka" nyuma ya sikio langu. Sauti kavu, ya mtu mwenye kiu. Nikageuka. Ukuta mtupu. Nikaitika.

Mwalimu kasema, "Nimekusikia mara ya kwanza, mzee."

Ijumaa, 11 Septemba

Jana hivyo hivyo. Leo hivyo hivyo. Naitwa, anaitika yeye.

Afadhali niandike yote, pengine atanyamaza.

Mwaka ule wa nzige tulikuwa kiwanda cha mbao upande wa Kilwa. Mfaume fundi wa boila, ana cheti cha Dar es Salaam. Mimi mtia kuni wake. Kiwanda kikafungwa. Tukashika njia kwa miguu kuja Lindi, kwenye mkonge. Njia nzima ananifundisha, anachora boila mchangani kwa kijiti. Homa ikamshika Mchinga. Kufika Mitwero hawezi tena. Nikamlaza kwenye kibanda cha mtu, mchana mweupe. Nilidhani kalala. Nikamtia mkono mfukoni, nikakitoa cheti. Akafumbua macho. Hakukasirika. Akasema, "Jina langu zito, Saidi. Utachoka kulibeba."

Akaomba maji. Nilipoyaleta keshakufa.

Watu wa Mitwero wakaja kuzika. Wakaniuliza jina la marehemu na la mama yake, wapate kumsomea talkini pale kaburini, ajue la kuwajibu malaika. Cheti kilikuwa kiunoni kwangu. Nikasema Saidi bin Athumani, wa Kiranjeranje. Mama yake Fatuma. Jina langu, na la mama yangu.

Basi malaika waliitiwa mtu mwingine. Yeye yuko chini, hajaitwa mpaka leo.

Jumatano, 16 Septemba

Hakunyamaza.

Leo nimefanya makusudi. Nimeitwa, nikabana midomo. Mwalimu kaandika nipo.

Alasiri tumefungua boila la shule. Nimewaonyesha vijana kutu ilipo bila kuingiza taa, kwa kugonga tu na nyundo. Mwalimu Erasto mwenyewe kaandika nilichosema. Kwenye boila mimi ni mfalme. Halafu kutoka ndani ya chuma, hakuna mtu mle, kikagongwa mara tatu. Vijana wakaniangalia mimi. Walidhani ni ustadi wangu.

Nimewaacha wadhani hivyo.

Ijumaa, 25 Septemba

Baada ya sala Mwalimu Bakari wa msikitini kawazuia wanafunzi Waislamu. Kuna hitima ya mgeni aliyefia hapa zamani, tukae tusome, tule. Tukakaa. Wakasoma. Wakamwombea marehemu Saidi bin Athumani.

Nilikuwa nimekaa mkekani, goti langu limegusana na la jirani yangu. Hai. Nimeitikia amina.

Wali ukaletwa. Mchele wa Kiranjeranje, niliujua kwa harufu kabla ya kuambiwa. Mwalimu Bakari, kwa kusifia wema wa watu, kasema dada wa marehemu, Mwanaidi, anauleta kila mwaka. Mwaka huu miguu inamuuma, kautuma na mtu. Kamwuliza jirani yangu, kisha mimi, kama tuliwahi kumjua marehemu.

Nimesema sikumjua.

Nimekula. Ningekataa wangeuliza.

Mwanaidi nilimwacha msichana anasuka ukili.

Mfaume hajasomewa hata Fatiha. Watu wake huko kwao Pande wanajua yu hai, yuko Lindi, ana kazi nzuri, ana kiburi hata salamu hatumi.

Jumamosi, 26 Septemba

Kaburi nimeliona. Limefagiwa. Nilisimama mbali, kwenye mikorosho. Sikwenda karibu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Sisikii boila tena. Naweka sikio, nasikia mtu anaomba maji. Leo nimetazama geji kama mwanafunzi. Aibu.

Mke wangu kasema nimekonda, niache shule, tutalima. Nimemwambia mimi si mtu wa jembe. Leseni nitaipata. Nikiikosa mimi, Lindi nzima nani ataipata?

Jumanne, 13 Oktoba

Mtihani. Mkaguzi Mzungu mrefu, jasho tele, karani wake anafasiri. Vijana wameingia wanatetemeka. Mimi nimeingia na kofia yangu ya kiua.

Kauliza, kioo cha kupimia maji ya boila kikiwa kitupu, huoni maji kabisa, utafanya nini? Vijana wawili walisema wataongeza maji. Mimi nikasema, nautoa moto. Maji sitii. Boila lililokauka ukilipa maji linakuua.

Kauliza na mengine. Yote nimejibu, hakuna hata moja lililonigonga. Lakini kila jibu lilikuja na kijiti chake, na mchanga wake, na mahali tulipokuwa tumekaa njiani. Hakuna langu hata moja. Miaka yote nilidhani yangu.

Mzungu kafurahi. Kasema majibu kama haya hajayapata Lindi. Kauliza ni nani aliyenifundisha.

Nikasema, "Mfaume bin Juma."

Karani kaangalia karatasi yake. "Mzee, Mfaume bin Juma si ndiye wewe?" Kamfasiria Mzungu, wakacheka wote wawili. Kasema vizuri sana, mtu aliyejifundisha mwenyewe.

Mimi sikucheka. Nyuma ya sikio langu pia hakucheka mtu.

Nimefaulu. Wa kwanza.

Jumatano, 14 Oktoba

Leseni ninayo. Karatasi nene, ina mhuri. Chini pana mstari wa mimi kuandika jina. Nimepewa siku tatu niirudishe shuleni imeandikwa jina.

Kalamu iko mkononi tangu asubuhi. Mkono nimeuzoeza mwezi mzima. Hauandiki.

Nikiandika Mfaume, ninalo boila mpaka nife, na yeye hataitwa kamwe. Nikiandika Saidi, sina kitu.

Nimechoka. Alisema nitachoka.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu Bakari. Yote, baada ya sala, tumekaa barazani. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza kama wali ulikuwa mtamu. Halafu akalia.

Kasema twende. Tumekwenda kaburini sisi wawili. Kaniuliza jina la mama yake Mfaume. Sijui. Miaka miwili namtilia kuni, siku tano njiani, sikumwuliza. Nilikuwa nazungumza mimi.

Kasoma talkini, kamwita Mfaume mwana wa Hawa, mama wa watu wote. Mara tatu. Mimi nimemwaga maji juu ya kaburi, mtungi mzima.

Jumamosi, 17 Oktoba

Leseni nimemrudishia Mwalimu Erasto, mstari mtupu. Nikamweleza. Kasema jambo hili linaweza kunifikisha kwa polisi, lazima amwandikie mkaguzi. Nimemwambia aandike, na herufi azikaze.

Mke wangu naye nimemwambia. Kapepeta mchele mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Mume mmoja, majina mawili. Saidi, chai utakunywa?"

Jumanne, 24 Novemba

Jibu la mkaguzi limekuja. Leseni ifutwe. Shitaka hakuna, kwa kuwa boila halijamdhuru mtu miaka yote. Saidi bin Athumani hayumo katika daftari lolote. Akitaka leseni aanze mwanzo kama mtu yeyote. Mwaka mmoja shule, mwaka mmoja mtia kuni chini ya fundi.

Fundi mpya wa shamba ni yule kijana aliyeniita babu. Kasema atanipokea, mradi nisimfundishe sana. Sikuahidi.

Barua mbili nimewapa wasafiri wazipeleke. Moja Pande. Moja Kiranjeranje, kwa Mwanaidi. Ile ya Mwanaidi ilinishinda, nimeandika tu asilete mchele.

Jumatatu, 11 Januari 1954

Shule imefunguliwa. Vijana wapya, hawanijui. Wamenipa shikamoo. Nimekaa mbele.

Mwalimu Erasto kaita majina. "Saidi bin Athumani."

Nikasubiri. Nyuma ya sikio, kimya. Nikasubiri tena kidogo. Hakuna aliyeitika.

Nikasema labeka.

Mwalimu kasema nipaze sauti, hakunisikia.