Pesa ya Makubazi ya Mama Spesioza

Gatsata, Kigali

Dada yangu Adelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepona, na mvua za huko Ngara hazijakuozeshea maharage kama msimu uliopita. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na hiki kilima cha Gatsata nakipanda na kukishuka kila siku mpaka nimekuwa na miguu ya mbuzi. Kilichoharibika si mwili.

Jumapili uliponiuliza kazi inakwendaje, nilisema vizuri, kisha nikasingizia mtandao nikakata simu. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Ndiyo maana nimempa Deo, yule dereva wa lori, karatasi hii akupitishie. Mambo haya nisingeweza kuyasema huku nasikia unavyopumua.

Unajua nafanya kazi kwenye soko la mtandaoni, ila sijawahi kukueleza linavyokwenda. Fundi anapiga picha bidhaa yake, anaiweka kwetu, mteja anaiona kwenye simu na analipa. Ile pesa haiji kwetu moja kwa moja, wala haiendi kwa fundi. Inapokelewa kwanza na kampuni nyingine ambayo kazi yake ni malipo tu, ya simu na ya kadi. Inakata chake, inatupa sisi, tunakata chetu, ndipo fundi anapata. Mwanzoni kazi yangu ilikuwa kuzunguka mitaani kuwashawishi mafundi wajiunge. Kila niliyemwandikisha, nililipwa kwa kichwa chake.

Ndivyo nilivyompata Mama Spesioza, mjane wa Kirundi, anashona makubazi ya ngozi yenye shanga pale Nyakabanda, yeye na binti yake, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Alipenda Kiswahili changu. "Wewe unaongea kama redio," alinicheka. Lakini kujiunga hakutaka. "Mimi mteja namuona kwa macho. Ananipa pesa, anavaa kiatu, anaenda. Hiyo pesa ya kuzunguka iko inazunguka wapi?" Nilikaa kwenye kile kigoda chake mchana mzima. Mwisho nikamwambia, "Mama, likitokea la kutokea, mimi nipo." Hapo akakubali. Tangu siku ile akawa ananiita mdogo wangu.

Miezi ya kwanza alifurahi, sikudanganyi. Makubazi yalinunuliwa mpaka akaacha kuuza barazani. Mimi nikapandishwa, nikakaa ofisini kupokea simu za wauzaji.

Kisha soko letu na ile kampuni ya malipo wakagombana. Waligombania nani akate kiasi gani, na nani abebe hasara ya wateja wanaodai kurudishiwa. Kampuni ikafunga bomba. Wateja waliendelea kulipa kama kawaida, pesa ikaendelea kuingia, ila haikutoka. Meneja wetu, mgeni kutoka nje asiyejua Kinyarwanda wala Kiswahili, alituita akatugawia karatasi yenye sentensi moja: Malipo yako yanashughulikiwa, tafadhali endelea kuhudumia wateja. "Mkiwaambia ukweli wataondoa bidhaa zao," alisema. "Wakiondoa, hakuna soko, na nyie hamna kazi."

Mama Spesioza alipopiga, nilimsomea ile sentensi. "Mdogo wangu, mimi nakuuliza wewe, siulizi karatasi." Nikamwambia wiki ijayo. Nilijua si wiki ijayo, dada. Nilijua kabisa. Kwa neno langu hilo akaenda Kabuga kukopa ngozi ili asichelewe na oda. Wiki ikapita, na nyingine ikapita, mwenye ngozi akaja na pikapu akabeba cherehani ya viatu.

Bila cherehani oda zikalala. Na soko letu lina sheria: muuzaji akishindwa oda kadhaa mfululizo, duka lake linafungwa. Jina lake lilitokea kwenye orodha yangu ya maduka ya kufunga asubuhi moja, kati ya majina mengine. Ni kubonyeza mara moja tu. Nilibonyeza, nikaenda kunywa chai.

Siku ya pili alikuja ofisini amevaa kitenge cha kanisani. Wakamwambia pesa iko kwa kampuni ya malipo. Jengo lao linatazamana na letu, ni barabara tu katikati. Akavuka. Kule wakamwambia, "Mama, sisi hatukujui, mteja wetu ni soko." Akarudi. Tukamrudisha. Nilimwona dirishani akivuka mara tatu, kila mara anasubiri taa za waenda kwa miguu kama mtoto wa shule. Dada wa mapokezi alimwambia "mwihangane", yaani vumilia, neno ambalo hapa hupewa mfiwa, na hupewa pia aliyekaa foleni ndefu.

Mwisho akakaa chini sakafuni, hakupiga kelele. Meneja akatoka, akaniita nitafsiri. Alisema mkataba uko wazi, na kuna wateja wanaosubiri nafasi hiyo aliyokaa. Nikatafsiri. Mama Spesioza hakumtazama meneja hata mara moja, alinitazama mimi.

"Na wewe unasemaje?"

Nikajibu, "Mimi natafsiri tu."

Aliinuka mwenyewe. Mlinzi alitaka kumshika mkono, yeye akauondoa.

Baada ya wiki chache wakubwa wakapatana. Ilikatwa keki ofisini. Pesa ikafunguliwa, lakini kwa wenye maduka yaliyo wazi tu. Ya waliofungiwa ingetumika kuwarudishia wateja wasiopata oda, na iliyobaki ingekuwa faini. Nilikwenda kwa meneja, nikamwomba nifungue duka la mama huyu kwa siku moja. Hakukasirika. "Fungua," alisema. "Andika jina lako hapa. Ikiwa ni kosa, itatoka kwenye mshahara wako." Kalamu ilikuwa mezani. Nikafikiria kodi ya nyumba, nikafikiria na yale mabati ya nyumba yako niliyoahidi kukununulia. Nikasema asante, nikatoka. Usijione una hatia kwa mabati, dada, nayataja kwa sababu nilijificha nyuma yake.

Jumamosi nilikwenda Nyakabanda kumwomba radhi. Alikuwa anatia kiraka viatu vya watu kwa sindano ya mkono. Binti yake alinipa maji, hakunikaribisha kukaa. Nilisema yote, hata lile la kubonyeza. Mama akakata uzi kwa meno.

"Siku ile uliponiandika, walikupa ngapi kwa kichwa changu?"

Nikamtajia. Akasema kwa hela hiyo angeninunulia mwenyewe chakula, ili nimwache na kigoda chake. Kisha, "Usimwandike mtu mwingine."

Nikamwahidi. Jumatatu wakanituma Kabuga, maana soko linahitaji mafundi wapya mahali pa walioondoka. Nimeandikisha wanane, dada. Mmoja wao ameniita mdogo wangu.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya ng'ombe nimeipata na Deo anayo. Wasalimie wanao wote, hasa Editha wa sekondari. Mpe shikamoo zangu mama mkubwa, na katekista aliyenifundisha kusoma. Na yule jirani yako Josefina, msuka vikapu, aliyeomba nimwingize sokoni kwetu: mwambie nimesema asikubali. Mwambie hata nikimpigia mimi mwenyewe, kwa sauti hii hii anayoijua tangu nikiwa mdogo, nikamhakikishia kwamba ni salama, asiniamini.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Faustini