Alichokuwa Akinipaka Mama

Jumapili, 7 Septemba

Nimeshasuguliwa, nimeshapakwa, nimekaa nikauke. Kila jioni ni hivi tangu ile posa ijibiwe. Mama ananikalisha kwenye kigoda uani, ananisugua singo mwili mzima, mwisho ananipaka usoni kwa vidole viwili. Singo yake ya liwa, asumini na mawaridi. Anaichanganya mwenyewe asubuhi, mimi nikiwa skuli. Hataki mtu mwengine aiguse.

Inafanya kazi, mashaallah. Mimi nilichukua rangi ya marehemu baba, nyeusi ya kukoza. Sasa nimetakata mpaka shingoni. Walimu wenzangu hapa Tibirinzi wananiuliza siri. Najibu ni singo ya mama. Najisikia fahari kusema hivyo.

Harusi Novemba mwanzoni. Seif, mchumba wangu, kaniambia kwa simu kwamba dada zake huko Konde wameshaanza kushona sare.

Jumatano, 10 Septemba

Jua limeniadhibu. Kutoka skuli mpaka nyumbani si mbali, lakini nimefika mashavu yanawaka kama niliyeinamia chungu cha ubwabwa. Nimejimwagia maji. Yakazidi kuwaka.

Kwenye kioo naona mishipa myembamba myekundu pembeni mwa pua. Sikuwa nayo. Na vinyweleo kidevuni.

Mtoto mmoja darasani kaniuliza, "Mwalimu, umelia?" Wana miaka mitano, hawajui kuficha. Mama anasema ni joto. Jioni kanipaka zaidi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda hospitali. Sikumwambia mtu. Daktari ni mwanamke, mtu mzima, ana miwani. Kanigeuza uso huku na huku penye dirisha.

"Unapaka nini?"

"Singo, dokta. Ya nyumbani."

"Na nini tena?"

"Basi. Singo tu."

Kavua miwani. Kasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi: "Mwanangu, singo haifanyi hivi. Hii ngozi imechubuliwa kwa dawa kali. Imekuwa nyembamba kama ya kitunguu. Wengi wanaokuja hapa hunificha. Mimi si mkweo, niambie."

Nimemuapia. Hakuniamini. Kanambia niache kila ninachopaka, na nirudi, kwa sababu nikiacha uso utachafuka kwanza kabla ya kutengenea. Nimetoka bila ya kuaga vizuri. Sijawahi kuitwa mwongo na mtu niliyemheshimu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemhadithia Mama baada ya chakula. Nilitaka anikasirikie yule daktari kwa ajili yangu. Nilijua atasema maneno makali, tutacheka, yatakwisha.

Hakukasirika. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Kasema tu, "Madaktari wa siku hizi." Hakuniuliza kanipa nini wala kasema nini zaidi. Hata uso wangu hakuuangalia.

Sijapenda.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo hakuna skuli. Nilimwambia Mama nakwenda sokoni Chake, nikafika njiani nikakumbuka nimeacha simu. Nikarudi. Nimepita mlango wa nyuma. Mama kakaa jikoni, bakuli la singo mapajani. Anakamua tyubu. Ya krimu, zile zinazouzwa kwa kunong'onezana. Kaikamua mpaka mwisho, akaikunja, akafungua ya pili. Akakoroga kwa kijiko. Halafu akatia marashi mengi. Yale marashi nilikuwa nayasifia. Kumbe ya kufichia harufu.

Nimesimama tu. Kageuka kaniona.

"Mama, hicho nini?"

Kafunika bakuli kwa kanga, kama nilikuwa sijaona.

"Mama. Nimemuapia daktari. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Kaa kitako nikwambie."

Sikukaa. Kasema hivi hivi alivyo, bila ya kulia: "Siku ile walipokuja wanawake wa Konde kukutazama, walikusifu adabu, wakasifu chai. Walipokuwa wanavaa viatu, shangazi yake Seif kasema, 'Mtoto mzuri, ila angekuwa na rangi kidogo.' Wote wakacheka. Wewe ulikuwa ndani waosha vikombe. Mie nimesikia."

"Ndiyo ukanichubua?"

"Nimekupamba."

"Bila ya kuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa."

Ni kweli. Ningekataa. Alijua, ndiyo maana hakuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uso wenyewe.

Nilikuwa nikifumba macho, ananipaka. Kila jioni. Nilikuwa namwambia ahsante.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeacha. Nimerudi kwa daktari, nimemwambia kila kitu. Hakusema "nilikwambia". Kanipa dawa, kanambia nijikinge na jua na nistahamili.

Rafu yangu ya vipodozi nimeisafisha pia. Sabuni ya kung'arisha, poda ya rangi isiyokuwa yangu, losheni niliyoinunua mwenyewe kwa sababu msichana wa kwenye picha alikuwa mweupe. Hizo hakunipa Mama. Nimezitupa vile vile.

Sisemi naye. Anapika, nakula, nainuka.

Jumapili, 28 Septemba

Uso umechafuka kama alivyosema daktari. Umevimba, una vipele vya usaha, unachanika pembeni mwa mdomo. Nafundisha nimevaa ninja, macho tu ndiyo yanayoonekana. Watoto wa darasa langu hawajanizoea, mmoja kanikimbia.

Lakini hilo si la leo. La leo ni Thuwaiba.

Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu. Alikuwa anaanika nguo, akageuka juani, nikamuona. Mashavu mekundu. Mishipa ile ile pembeni mwa pua.

Nimemuuliza unapaka nini. Kacheka. "Ile yako. Mama ananipaka tangu likizo. Kasema isiwe mpaka posa ije ndipo tuanze kuhangaika. Kasema nisikwambie, utanionea wivu."

Nilikwenda jikoni. Nimechukua bakuli, tyubu, marashi, kila kitu, nimevitia chooni, shimoni. Mama kasimama mlangoni. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba rangi hii aliipenda kwa Baba miaka yote ile, kwetu sisi wanawe imemshinda.

Sijutii. Nitayasema tena.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimempigia Seif. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Nimemueleza yote, mpaka aliyoyasema shangazi yake wakati wa kuvaa viatu.

Kasema: "Raya, mimi nilijua unatumia kitu. Zile tyubu alinunua dada yangu, mama yako alimuagiza. Nilidhani ni wewe uliyetaka."

"Hukuniuliza."

"Sikutaka kukuaibisha. Na ulikuwa unapendeza."

"Na kabla?"

Nikasikia mtu anapita na honda huko kwake. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Kabla pia," kasema.

Alichelewa. Angejibu hapo hapo ningemuamini hata kama anasema uongo.

Kwa hiyo walijua nyumba mbili nzima, yangu na yake. Wamenizungumza, wameagiziana, wamenitazama nabadilika. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kinachofanywa usoni kwangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Seif kaja na mjomba wake. Ami yangu kawapokea, maana yeye ndiye walii wangu wa kuniozesha. Nimeomba niingie. Nimeingia bila ya ninja.

Mjomba kainamisha kichwa. Seif kaniangalia. Namshukuru kwa hilo, kaangalia hasa. Halafu kasema tusogeze mbele harusi, mpaka nipone.

"Nikipona nitakuwa mweusi," nimemwambia. "Kama siku ya posa. Huenda nikabakia na mabaka. Daktari haniahidi kitu."

"Tusubiri tuone," kasema.

Tuone nini? Sikumuuliza. Nimemtazama Ami, nikasema sitaki. Si kusogeza mbele. Sitaki. Ami kaniuliza mara ya pili mbele yao, kwa sauti ya chini, kama sheria inavyotaka mtu aulizwe. Nimesema vile vile.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Nimeona vidole vya miguu yake.

Walipoondoka nimelia sana. Nilikuwa nampenda. Bado.

Jumanne, 21 Oktoba

Kule mtaani imeshakuwa ni mimi niliyekuwa najichubua, nikaungua, nikaachwa. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Bi Mkasi jirani kaniletea aloe na nasaha ndefu kuhusu kuridhika na alivyokuumba Mola. Mama alikuwa pale pale, anakuna nazi. Alisikia kila neno. Hakusema, "Si yeye, ni mimi."

Nilimsubiri aseme. Nilimpa nafasi. Kakuna nazi mpaka ikafika kifuu.

Jumamosi, 8 Novemba

Ingekuwa leo.

Nilidhani nitaamka na uzito. Nimeamka nimechelewa, basi. Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri, uani kumejaa matope.

Thuwaiba alikuwa na miadi ya daktari, kliniki ya Jumamosi. Nilikuwa navaa nimpeleke. Mama katoka chumbani kashavaa buibui. Kasema anakwenda na yeye. Tumekwenda watatu, hatukusemezana njiani.

Daktari kamgeuza Thuwaiba dirishani. Kauliza, "Nani aliyempaka?"

Thuwaiba kaniangalia mimi.

"Mie," kasema Mama. "Mie mamake. Na huyu mkubwa ni mie. Hakuwa akijua." Pale benchini walikuwapo wanawake wengine wawili wa mtaani kwetu, na mlango ulikuwa wazi. Hakupunguza sauti.

Daktari kaandika dawa. Kasema ya mtoto imewahiwa.

Kurudi tumepita njia ya juu kukwepa matope. Mama alichoka, akakaa kwenye ukuta wa msikiti mdogo kuvuta pumzi. Thuwaiba alitangulia. Nilisimama karibu. Sikukaa. Sijui kama nitamsamehe, na hakuniomba.

Wingu lilipasuka, jua likatoka kali. Mama kasimama, kanyanyua ukingo wa mtandio wake, kautandaza upande wangu. Nimeingia kivulini.