Sahihi Niliyoweka Nikiwa Nje

Dada Nambeye,

Tangu tukuzike kule Mpemba sijakuandikia. Leo naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji ya chanjo, maana nikikaa nainuka. Kazi yako pale zahanati nimepewa mimi. Mama yeyote akiingia kupimwa mwili naingia naye, nasimama karibu na kichwa chake, daktari anapima nikiona, kisha natia sahihi daftarini kwamba nilikuwepo. Wenzetu walikuwa wanakutania, eti unalipwa kusimama. Ukawajibu, "Simameni ninyi basi, tuone."

Dada, mimi nilitoka.

Alikuja Neema, mke wa mwanangu Ayubu, ana mimba ya miezi saba, anaumwa chini ya kitovu. Daktari mgeni, aliyeletwa baada ya msiba wako, akamwambia avue apande kitandani. Nikashikwa na aibu. Kwetu unajua, mkwe haoni utupu wa mkwe. Ningemwita nesi Rehema, alikuwa chumba cha pili tu anapima watoto uzito. Sikumwita. Nilijifunika uso kwa kitenge nikatoka, tena nikajiona mwenye heshima zangu. Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi na akina mama tukiongea habari za mpunga, na daftari lilipoletwa nikatia sahihi palepale, kwa mazoea.

Neema alipotoka hakuniaga. Kliniki iliyofuata hakuja. Nikasema ni uvivu, nikamsema mpaka kwa mumewe. Kwa hilo najichukia.

Juzi nilimfuata nyumbani. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. Akaniambia daktari alimshika pasipohusika kabisa na tumbo, akamwambia atulie, ndivyo watu wanavyopimwa. Halafu akasema polepole, "Nilikuwa naangalia mlango, mama. Nilijua utarudi."

Wazazi wake kule Msangano walinikabidhi binti yao kwa mikono miwili. Nitawatazamaje? Chai nimepasha mara mbili, mara mbili imepoa. Ungekuwepo ungenigombeza, na mimi ningelia nikatulia.

Leo tunapanda gari la Tunduma, Neema na mimi, kwenda kumshtaki daktari yule kwa wakubwa wake wa kazi. Daktari atawafungulia daftari, awaonyeshe jina langu. Ndiyo ngao yake, dada, na nimempa mimi. Nakuahidi nitasema kabla hajaulizwa mtu: sahihi ni yangu, na ni ya uongo, nilikuwa nje. Wakinifukuza, wanifukuze. Ayubu akinikasirikia, ana haki.

Wewe pumzika, dada yangu. Sikuombi msamaha. Wa kuombwa yuko hapo nje, ameshavaa viatu, ananisubiri.

Mdogo wako,
Mama Ayubu