Mama Yako Alikula Samaki Siku ya Harusi Yako

Kwako Baba Zaituni,

Nimesoma kila ulichoniandikia kwenye simu. Umeniita mchawi, umeniita mwanamke asiye na haya, na mara ya mwisho umeniita adui yako. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na alizeti ya kupiga. Sasa alizeti imeingia ndani, Zaituni yuko shule, mama yako amejinyoosha kwenye mkeka. Nimepata nafasi.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa Iguguno? Tulikuwa tukitoka shambani tumechoka, mikono imechanwa na vichwa vya alizeti, tunakaa nje tukingoja maji ya kuoga yapate moto. Ndipo ulipoanza kunisimulia Singida mjini. Mimi niliyezaliwa Mgori nilikuwa nimepita pale stendi tu, nikapanda gari nikaondoka. Wewe ulikuwa umekaa kando ya ziwa, umekula samaki, umewaona flamingo wamejaa majini. Ukasema, "Tukivuna tu, Ijumaa tunaondoka, Jumapili tunarudi. Wewe utaamka hotelini, ukifungua dirisha unaona ziwa."

Nilicheka. Nikakuuliza, "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?"

"Na mama. Mama ana mikono miwili."

Mama yako akakuitikia kutoka jikoni, "Nimesikia! Mtaniletea samaki!"

Tulipanga safari ile kama watu wanaopanga kujenga. Tutafika saa ngapi, tutalala upande gani, nitavaa gauni gani. Ulitaka nivae la bluu, nikakwambia nitafanana na maji, ukaniambia ndiyo maana. Nakiri nilikupenda sana usiku ule. Baada ya mavuno mvua ikaharibu barabara ya shambani, tukaahirisha. Mwaka uliofuata nikawa na mimba ya Zaituni. Mwaka mwingine ukaanza kazi ya kununua alizeti vijijini na kuipeleka mjini, ukawa unaenda Singida kila wiki peke yako, kikazi. Nilipokukumbusha ulisema, "Wewe nawe, ziwa halihami."

Kweli halikuhama. Wewe ndiye uliyehama.

Talaka yangu ulinitumia kwa ujumbe wa simu. Nilikuwa nasonga ugali. Nikausoma mara ya kwanza nikadhani umekosea, ulikuwa unamwandikia mtu mwingine. Nikamaliza kusonga, nikapakua, nikamwekea mama yako na Zaituni. Walipomaliza kula nikampa mama yako simu. Hajui kusoma, unajua, kwa hiyo nikamsomea mwenyewe maneno ya kuniacha mimi. Alitoa kopo lake la ugoro, akavuta. Halafu akasema kwa Kinyiramba chake kile kikubwa ambacho majirani wote hukisikia, kwamba mwanaye amemwacha mke wake, lakini yeye hajamwacha mkwe wake. "Chumba chako ni kile kile. Kesho tunapalilia."

Nikabaki. Watu wakanicheka, wengine kwenu wakanisema. Nikapalilia.

Kisha ukampigia simu kumwambia unaoa. Mimi ndiye niliyemshikia simu, nikaweka spika, hukujua. "Mama, usijisumbue kuja. Ni shughuli ndogo, watu wachache tu. Nitamleta bibi harusi akuone." Mama yako akakuombea dua. Alifurahi, Baba Zaituni. Nataka ulijue hilo. Pamoja na yote uliyonitendea mimi, alifurahi kwamba mwanaye anaoa.

Aliyenifungua macho ni fundi wetu wa cherehani pale senta. Nilikwenda kumpelekea sketi ya shule ya Zaituni, nikakuta vitambaa vya aina moja, sare ya harusi yako iliyoletwa kutoka mjini, vimejaa mezani. Akaniuliza, "Mama Zaituni, pole kwa kuuguza. Bibi anaendeleaje?"

"Bibi yupi?"

"Mama mkwe wako. Si tumeambiwa yuko kitandani, hawezi hata kukaa? Mama mdogo Saida ndiye atakayekaa kiti cha mama wa bwana harusi. Hili hapa ndilo gauni lake."

Saida, mke wa baba yako mdogo, anayekaa mjini, anayevaa viatu vya kisigino hata akija msibani. Nilirudi nyumbani nikiwa sioni njia. Nikamkuta huyo mgonjwa wako uani amekunja kanga, fimbo mkononi, anapiga alizeti huku anaimba. Ndipo nikaelewa. Uliwaona wakwe zako wapya, watu wenye duka na magari, ukamwaza mama yako na ugoro wake, na yeboyebo zake za plastiki, na Kinyiramba chake cha sauti kubwa, ukaona bora awe mgonjwa.

Mimi uliponiacha nililia. Siku ile sikulia. Nilianza kupanga safari.

Niliuliza hoteli ya shughuli, nikaijua. Ni ile ile uliyokuwa ukinisimulia. Nikapiga simu, nikachukua chumba cha watu wawili, kuingia Ijumaa, kutoka Jumapili. Yule dada wa mapokezi akaniuliza kama tunakuja harusini. Nikamwambia hapana, tunakuja kupumzika. Zaituni nikampeleka kwa kaka yangu, na ng'ombe nikamwachia jirani amkamue.

Mama yako sikumdanganya. Nilimkalisha nikamwambia yote: kitanda ulichomlaza, kiti cha Saida, hoteli. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa anachambua mboga. Mikono yake ilisimama mara moja tu, niliposema gauni limeshashonwa. Akaniuliza, "Na wewe unataka nini huko?"

Nikamjibu, "Nataka akuone."

"Mimi siendi kupigana na mtu."

"Sawa, mama."

"Naenda kula samaki," akasema. "Nimengoja samaki wale tangu mwaka ulipoolewa."

Basi tukaenda. Ungemwona mama yako siku ile ya Ijumaa! Alishuka kwenye maji hadi kwenye vifundo vya miguu, akachota kidogo akaonja, akatema, akacheka, akaniambia ziwa zima limetiwa chumvi na mpishi mbaya. Flamingo waliporuka wote kwa pamoja alinishika mkono akaubana. Chumbani aligoma kulala kwenye godoro, eti linammeza, nikamtandikia chini. Nililala mimi kitandani, na asubuhi nilifungua dirisha mwenyewe. Ziwa lilikuwepo, na mawe makubwa yale pembeni, kama ulivyosema. Ni kitu pekee ulichoniambia ukweli.

Jumamosi mchana tulikaa meza ya nje, karibu na mawe. Nilimvalisha kanga mpya, nami nilivaa bluu. Samaki wakaja wamekaangwa wazima. Tulikuwa tumeanza kula tuliposikia matarumbeta. Mkashuka kwenye gari lililopambwa, wewe na suti yako rangi ya maziwa, Rehema na shela lake refu, wakwe zako nyuma, na mama mdogo Saida katikati yao ameinua kichwa. Mpiga picha akawaongoza moja kwa moja kwenye mawe. Kwetu.

Uliniona mimi kwanza. Halafu ukamwona yeye.

Rehema akakuuliza, nasi tulikuwa karibu tunasikia, "Unawafahamu wale?"

Ukasema, "Hapana. Wateja tu wa hapa."

Baba Zaituni, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilidhani utakasirika, nilidhani utanivuta pembeni unitukane. Sikufikiri hata kidogo kwamba utamkana mama yako akiwa anakutazama na tonge mkononi. Alilirudisha tonge kwenye sahani. Akanawa mikono polepole, akajifuta kwenye kanga, akasimama. Saida akaja mbio akimpungia mkono arudi, mama yako akampita kama anavyopita kuku uani.

Rehema akapiga goti nusu, kwa sababu alilelewa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Mimi ndiye yule mama mkwe wako mgonjwa. Nimepona."

Matarumbeta yaliendelea kidogo, kisha moja moja yakanyamaza. Baba yake Rehema akasogea. "Mama gani? Huyu hapa si ndiye..." akamtazama Saida, na Saida akaanza kutengeneza mtandio wake.

"Huyo ni shemeji yangu," mama yako akasema. "Amependeza. Lakini huyu nimemzaa mimi, tena nyumbani, hata mkunga alichelewa."

Baba mkwe wako hakupaza sauti. Alikuuliza tu, "Kijana, huyu ni mama yako?" Ukatazama chini. Ukasema ndiyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Akakuambia upige magoti umwombe radhi, na ukapiga, na suti ile, kwenye vumbi na miiba ya samaki. Watu wote wametoa simu. Unanilaumu kwa picha zile. Sikupiga hata moja. Nilikuwa natazama kwa macho yangu, na sikutaka yapitwe na chochote.

Unaniuliza kama nilifurahi. Nilifurahi. Nilifurahi hadi tumbo likauma. Shangazi yangu ananiambia nikuombe msamaha niwe na amani moyoni, nami namwambia amani ninayo, nilipewa pale kwenye mawe.

Rehema alimwomba mama yako aje kukaa kwenye kiti chake ndani. Mama yako akamshika shavu akamwambia, "Mwache Saida akae, gauni lake limeshonwa kwa ajili hiyo. Mimi samaki wangu anapoa." Akarudi mezani. Alikula wote, na kichwa akakinyonya. Ila machozi yalikuwa yanamtoka muda wote, na hayo ndiyo sitakusamehe, hata ukiishi miaka mingi na mimi niishi kukuzidi.

Najua kwamba jioni ile Rehema alirudi kwao na baba yake badala ya kwako, na kwamba hadi leo hajaja. Umeniandikia kwamba mimi ndiye niliyemjaza maneno. Kabla ya Jumatano iliyopita sikuwahi kuzungumza naye hata sentensi moja.

Jumatano alikuja hapa. Peke yake, kwa gari la abiria, na kilo za sukari na kanga mbili. Mama yako alimpa fimbo, akapiga alizeti nasi hadi viganja vikavimba, hakulalamika. Tulipokaa kupumzika akaniuliza, "Wewe alikuahidi nini?" Nikamwambia. Sikuongeza wala sikupunguza. Alisikiliza kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe.

Nikamsindikiza hadi barabarani. Tukiwa tunangoja gari, aliniambia ameamua nini juu yako. Aliniambia wazi, na siku atakayokwambia.

Najua, Baba Zaituni. Unaamka asubuhi unaangalia simu, unasikia gari linapunguza mwendo nje unakwenda dirishani, unawauliza watu wa kwao wanakwepa. Mimi najua kama atarudi au hatarudi, nami sitakwambia. Kaa hapo ungoje, ujue kungoja kulivyo.

Mama yako ameamka, ananiita tukamkamue ng'ombe.

Wasalaam,
Mama Zaituni, mkwe wa mama yako.