Kilo Ishirini kwa Debe

Jumatatu, 22 Julai 2024

Hesabu ya stoo imegoma. Siyo kwamba mahindi yamepungua — yamezidi! Miaka mitatu ya uhasibu, na kila mwalimu alinifundisha kumsaka mwizi pale mali inapopungua. Hakuna aliyeniambia cha kufanya inapozidi. Hapa Misima tumenunua debe 1,140. Debe ni kilo kumi na nane, kila mkulima anajua. Zidisha: 20,520. Mizani ya Korogwe imesoma 22,800. Nimerudia mara nne. Kikokotoo nikakitupa ukutani, nikakiokota, kikasema vilevile.

Jioni nikaenda kulitazama debe lenyewe. Kitako kimegongwa kwa nyundo mpaka kimetuna kama tumbo la mjamzito. Kumbe ndiyo maana kaka yangu Matayo akipima huliweka juu ya gunia lililokunjwa! Wakulima wote macho juu, kwenye ubao wa kusawazishia, wakichunga asijaze kilele. Hakuna anayeinama kutazama chini.

Jumanne, 23 Julai

Nimemuuliza. Alikuwa anakula makande. Aliweka kijiko chini taratibu, akanishika shingo, akanibana ukutani mpaka nikaona nyota. Akasema wanunuzi wote wanafanya hivyo, na ada yangu ya chuo nilidhani inatoka wapi. Halafu akaniachia, akaendelea kula.

Baadaye akaniletea soda. Nimeinywa. Najichukia kwa ile soda.

Alhamisi, 25 Julai

Korogwe. Shule moja ya bweni inataka kilo elfu thelathini. Mfanyabiashara wa Mombo ameomba shilingi 620 kwa kilo. Ukitaka tenda, shuka chini ya hapo.

Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya bohari, leja mapajani. Debe tunanunua elfu tisa. Kwa kilo kumi na nane, kila kilo inatugharimu 500. Usafiri, magunia, ushuru na wabebaji: 110. Jumla 610. Nikiomba 600 tunakula hasara ya shilingi kumi kwa kila kilo, laki tatu zinaondoka. Lakini kwa debe letu lenye kitako — kilo ishirini — mahindi ni 450. Ongeza 110, inakuwa 560. Faida shilingi arobaini. Milioni moja na laki mbili.

Niliandika kwenye leja, kwa mwandiko wangu mzuri: debe = kilo 20. Nikapigia mstari. Nikaomba 600, wakatupa mkataba, nikasaini mimi. Nikafunga leja, nikampigia Matayo.

Matayo alicheka simuni mpaka akakohoa. Akasema sasa anaona faida ya kusomesha.

Jumamosi, 3 Agosti

Damu leo. Sabiri, mbebaji wetu, alishusha gunia akasema mbele ya wakulima kwamba ya kwetu yanavunja mgongo kuliko ya stoo nyingine, sijui tunapimia nini. Alikuwa anatania tu, maskini. Matayo akachukua ubao wa kusawazishia akampiga nao tayani. Nilisikia mfupa. Akampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka wanaume wawili wakamvuta.

Meno matatu yalibaki kwenye turubai, katikati ya mahindi. Niliyachota mahindi yenye damu nikawamwagia kuku. Kisha nikaandika: matibabu ya Sabiri, 45,000, gharama za uendeshaji. Nilitamani kuuchukua ubao uleule nimpasue Matayo kichwa. Badala yake nimetafuta safu ya kuandika.

Jumanne, 6 Agosti

Sabiri hawezi kusema, taya limefungwa waya. Lakini mikono anayo. Amewaonyesha watu umbo la debe.

Bi Maryamu, mmoja wa wakulima wanaotuuzia, amekuja na mahindi na debe lake la nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia. Alikuwa amepima manne kwake. Kwetu yakatoka matatu na nusu na kidogo. Aliinama, akalitoa debe letu juu ya gunia, akaligeuza kitako juu, akalitazama kama anavyotazamwa maiti. Akaondoka bila pesa na bila mahindi yake.

Matayo ameweka panga chini ya meza.

Jumatano, 7 Agosti

Saa mbili asubuhi. Wamekuja kama sitini. Panga halikusaidia kitu. Hashim, mtoto wa Bi Maryamu, alimkata Matayo mkono kabla hajainama kulichukua. Wakamburuta nje. Fimbo, mateke, jembe. Vioo vya gari vyote chini. Walimvisha debe kichwani wakaligonga kwa mawe, zamu kwa zamu, na kila aliyegonga alitaja alichouza.

Mwanamke mmoja alinishika nywele anitoe na mimi. Bi Maryamu akamsukuma.

"Huyu msimguse," akasema. "Anatuandikia kila debe, hajawahi kuruka hata moja."

Hashim alimwuliza Matayo nani mwingine alijua. Matayo akatema damu. "Mimi peke yangu. Mdogo wangu hajui kitu." Aliniangalia kwa jicho moja, la pili limefumba. Yaani huyuhuyu aliyenikaba shingo!

Sasa nimefungiwa stoo na leja. Nimepewa kazi: kila mtu na madebe yake, kila debe kilo mbili alizoibiwa, mara shilingi mia tano. Hashim amesema nikimaliza ataichukua leja, mwalimu wa shule ya msingi ataisoma mbele ya wote, ukurasa kwa ukurasa. Mwenyekiti wa kijiji ameita polisi. Kutoka Handeni mjini mpaka wafike!

Saa tano. Nimefika mtu wa arobaini na tatu. Tangu tarehe 25 Julai tumenunua debe 700 kwa ajili ya mkataba. Hizo siyo za Matayo. Hizo ni zangu. Kilo 1,400. Laki saba.

Nje wanamwuliza tena nani alijua. Wanavunja kidole, wanauliza. Anasema, "Mimi peke yangu." Nimehesabu vidole vinne. Naweza kufungua mdomo nikasema, wakamwacha. Kilichonizuia mpaka cha nne ni nini kama siyo uoga mtupu?

Cha tano.

Nimeuchana ukurasa wa leja wa tarehe 25, wenye ile debe = kilo 20. Hapa hakuna moto, hakuna choo, dirisha ni nondo na nyuma yake kuna watu. Nimeukunja nikauweka mdomoni. Karatasi ya leja ni ngumu, haitafuniki wala haimezeki, wino mchungu. Daftari hili naandikia gotini, likisikika komeo linarudi ndani ya kitenge.

Komeo. Bi Maryamu peke yake, na kikombe cha uji. Ameketi kwenye gunia mbele yangu. Sikupata muda wa kulificha daftari, nimelilaza juu ya leja; anadhani bado napiga hesabu, kalamu inatembea. Amesema amewaambia wampumzishe kaka yangu kidogo, na kwamba wataacha kabisa kama nitawaapia mimi, maana mimi wananiamini. "Sema tu, mwanangu. Alikuwa peke yake?"

Ananisogezea uji. Anasubiri nifungue mdomo.