Mkeka Aliopewa Wekesa

Munyaka, Jumapili

Tena yule mwalimu Wekesa! Upadri hakuupata, lakini Kilatini cha seminari alitoka nacho chote. Leo baada ya misa alikuja kunywa chai, akamkuta mke wangu uani akimalizia mkeka wa mafunjo.

"Mama Chebet, hayo mafunjo Warumi waliita scirpus. Mkeka ni teges. Na hako kakikapu, fiscella."

"Fiscella! Hebu sema tena, mwalimu."

Akasema tena na tena. Mke wangu alicheka mpaka mafunjo yakamponyoka. Mimi humjibu mwenyekiti wa chama hadharani, magazeti huchapa barua zangu, na mke wangu hajawahi kuniomba nirudie hata sentensi moja.

Nikafoka kwamba hiyo ni lugha ya wafu.

"Kweli kabisa, Mzee," akasema Wekesa kwa upole. Ubishi ukaishia hapo.

Kila mwaka mkeka mpya huwa wangu, wa kukalia nikisoma. Wekesa alipoaga, mke wangu aliukunja huo akampa.

"Baba Chebet, wewe uko na mingine. Huyu analala kwa simiti."

Ni kweli. Chakula nimekataa.